Jiwe la Mvule

Nimepewa nyavu kumi na mbili, mizani ya ndoana,
daftari lenye jalada la nailoni,
na kazi isiyo na jina kwetu Makangale:
kupima vinavyoanguka.

Kila Jumatatu naingia Ngezi, bondeni,
umande bado umekaa kwenye mipapindi.
Nalegeza wavu, namwaga jani kwa jani
juu ya gunia la karafuu lililotoboka:
la mjoho huku, la mtondoo kule,
na la mvule, kavu, linalolia kama bahasha,
peke yake.

Mama ananiuliza, "Miaka mitatu chuoni
ndiyo uje ufagie msitu?"
Sifagii, mama. Nahesabu deni.

Kwani mvule hauli bila kulipa.
Kiangazi kikikaza, mto ukanywea
hata mawe yakaonyesha migongo,
unajivua wote, tawi kwa tawi,
ukabaki mtupu juu ya majirani wenye maji miguuni
wasiojua kiu ni nini.
Wapita njia husema, umekufa huo.
Haukufa. Umefunga,
na kama kila mfungaji
unatazamia mwandamo wake.

Masika yakiandama, mto hauulizi njia.
Hupanda kingo, hulala uwandani siku tatu, nne,
ukiondoka unaondoka na chakula:
majani yaliyokwisha kutafunwa na jongoo,
yakalainishwa na uyoga, yakawa tope jeusi,
mpaka konde la mpunga la Bi Tumu Faki
anayesema udongo wake unampaka miguu mafuta
na hajui anakula mvule
kwa mchuzi wa chewa.

Usiku ni zamu ya popo.
Wanakula tunda wakiwa na haraka, wanamwaga mbegu hewani,
mbali, penye mwanga, alikoangukia mti mwingine.
Mche wa mvule haukui kivulini mwa mamaye.
Hili mama nilimwambia pia.
Alinyamaza, akaendelea kupepeta.

Wiki ya tisa, mti namba thelathini na moja.
Nauzungushia utepe, mkono unakutana na mdomo:
kovu refu, usawa wa kifua, limefumba,
gome limelivimbia pande zote mbili.
Nalijua kovu hili kabla sijaliona.

Baba yangu, Shaame Kombo, mpasua mbao,
aliingia humu usiku na msumeno wa watu wawili
mwaka nilipokuwa tumboni.
Walivuta kina cha kiganja
kisha msumeno ukatoa cheche.
Meno matatu yalikatika, mwenziwe akakimbia,
na nyumbani kukasemwa mti ule una mwenyewe.

Mwenyewe ni chokaa.
Mzizi huinyonya ardhini, mwili huihifadhi,
na penye jeraha la zamani mvule hutaga jiwe.
Labda tawi lilivunjika kabla ya babu kuzaliwa,
nyani wa upepo tu, hakuna aliyeona,
na mti ukakaa na jiwe lake ndani, kimya,
ukimngoja baba.

Jioni nikamkuta ukumbini,
magoti yamefungwa kitambaa cha mafuta ya mchaichai.
Msumeno bado uko ukutani, pengo lake linacheka.
Nikamwambia nimeuona.

"Umesimama?"
"Umesimama. Umenenepa."
"Unatoa majani?"
"Gramu mia tatu na kumi, wiki hii, wavu mmoja."

Akatazama mikono yake muda,
kama anayetafuta kitu alichokiweka jana.
"Basi, mwanangu, usipunje hesabu," akasema.
"Andika na meno yangu matatu.
Nayo yalianguka humo humo."

Daftari lina safu moja iliyoandikwa *Mengineyo*.
Sikuwahi kuitumia.